Mwaka Tuliobeba Salfa Wenyewe

Bi. Somoe alinipigia simu asubuhi nikiwa jikoni kwangu Likombe, mjini, napeta mchele. Hakuanza kama kawaida yake, kwa kuuliza habari za magoti yangu na za kuku. Alisema tu, "Mwalimu, Mzee Issa ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya adhuhuri. Njoo." Nikamwambia nakuja. Baada ya kukata simu nilibaki nimeshika ungo, sijui niuweke wapi. Mzee huyo hakuwa ndugu yangu, wala hatukusali pamoja. Kuna kipindi nilikuwa naomba Mungu nisikutane naye njiani. Hata hivyo nilivua khanga ya jikoni, nikajifunga ile ya misibani, nikafunga mlango na kuondoka, kwa sababu katika watu waliouishi mwaka ule na kuuelewa tulikuwa tumebaki watatu, na sasa tumebaki wawili.

Ilikuwa majira ya kupulizia salfa. Ukishatoka mjini na kuelekea kata ya Mpapura, mikorosho inakupokea pande zote za barabara, na asubuhi kama ile, kabla umande haujakauka, unaona wingu la njano limening'inia juu ya mashamba bila kwenda popote. Harufu yake inakaa kooni. Wageni hufikiri mtu amewasha kiberiti karibu yao. Mimi nimeishi mkoa huu zaidi ya nusu ya maisha yangu na bado harufu hiyo ikinifikia nakuwa mwalimu mpya tena, nimetoka chuoni, nimesimama mlangoni mwa darasa la tano na kuwatazama watoto wa njano wakikimbia uwanjani ili wasikute mstari umeanza.

Nilipangiwa kijiji kimoja cha kata hiyo katika mwaka ambao nyumba za walimu zilikuwa hazijaisha kujengwa, kwa hiyo mwenyekiti alinipeleka kwa Bi. Somoe. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti nzito, na aliishi na binti yake Rukia aliyekuwa darasa la tano. Alinipa chumba cha upande wa uani. Kilikuwa na kitanda cha kamba, kigoda, na dirisha dogo lililotosha kutoa kichwa tu. Pembeni alikuwa amepanga mifuko ya salfa, na nilipoiuliza alisema, "Hiyo ndiyo mwenzako wa chumba, Mwalimu. Haikoromi." Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye paa, kwa hiyo kila neno lililosemwa barazani niliingia nalo kitandani. Jioni tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, au mbaazi, na siku nyingine ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo wanawake huenda kuichimba kwa bidii na kuichemsha. Mara ya kwanza niliimenya vibaya nikatupa nusu yake. Bi. Somoe aliokota maganda yangu kutoka kwenye sahani, akayakwangua, akala, bila kunisema. Kwetu Songea nilizoea mahindi, na nilidhani najua maana ya chakula kidogo. Nilikuwa sijui.

Watoto niliwaona wiki ya kwanza ya Juni. Mstari wa asubuhi ulikuwa umekwisha, mwalimu mkuu akiwa amesimama na fimbo getini, nao wakaja kwa kundi, wasichana na wavulana, vichwa vya njano, kope za njano, macho mekundu kama watu waliolia usiku kucha. Wakapiga magoti bila kuambiwa, kwa sababu walijua adhabu yao. Mmoja wao alikuwa msichana mwembamba aliyekuwa anapumua kwa shida. Hata nikiwa hatua kadhaa kutoka kwake nilisikia kifua chake kikipiga filimbi. Nikamnyanyua, nikamuuliza anaitwa nani.

"Ancha, mwalimu."

"Umetoka wapi hivi?"

"Shambani. Nilikuwa nabeba."

"Unabeba nini?"

Alinitazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayezungumza na mgeni asiyejua kitu. "Salfa," alisema.

Rukia ndiye aliyenieleza mengine jioni, tukiwa tunaosha vyombo. Mikorosho inapoanza kutoa maua huingiwa na ubwiriunga, ugonjwa unaofunika maua kama majivu, na ua lililoungua hivyo halitoi korosho. Dawa yake ni salfa ya unga, na salfa hupuliziwa kwa mashine ya kubeba mgongoni, alfajiri, hewa ikiwa imetulia na majani yana umande ili unga unate. Kijijini pale mashine iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa moja, ya Mzee Issa. Asiye na uwezo wa kumlipa alimpa mtoto. Mtoto huyo alimfuata Mzee Issa shamba baada ya shamba kwa msimu mzima, akibeba mfuko, akijaza unga kwenye tangi la mashine kila ulipokwisha, akivuta matawi ya chini ili dawa iingie ndani. Kwa kazi hiyo mikorosho ya nyumbani kwao nayo ilipuliziwa. Rukia alinieleza yote hayo bila uchungu wowote, akisugua sufuria kwa mchanga. Nikamuuliza kama na yeye hubeba. Akasema, "Kila mtu anabeba, mwalimu."

Ancha aliishi na bibi yake, Bibi Atija, mwisho wa kijiji, kwenye nyumba yenye mikorosho mizee nyuma yake. Bibi alivuka mto Ruvuma, ambao ndio mpaka, miaka ya vita ya upande wa pili na hakurudi tena kwao. Alizungumza Kimakua. Kiswahili alikisikia lakini hakukisema, au hakutaka kukisema mbele ya watu. Nilikwenda siku ya Jumamosi kuzungumza naye juu ya kifua cha mjukuu wake, na hapo ndipo nilipotambua kwamba mkalimani wetu angekuwa Ancha mwenyewe. Alikaa katikati yetu kwenye mkeka, amekunja miguu, amenyoosha mgongo kama mtu mwenye cheo.

"Mwambie bibi kwamba kifua chako hakiwezi salfa," nilisema. "Mwambie una pumu, na ule unga utakuumiza."

Ancha alimgeukia akasema maneno machache. Bibi alijibu kwa muda mrefu, akionyesha mikorosho, akionyesha mgongo wake, halafu akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto na kukiacha hapo. Ancha akanigeukia.

"Bibi anasema karibu ule."

"Ndiyo yote aliyosema?"

Alitazama mkeka. "Anasema mikorosho isipopuliziwa hatutakuwa na chakula. Anasema angebeba yeye lakini mgongo unakataa." Bibi yake akamhimiza kwa kidevu. "Anasema niamue mimi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nabeba, mwalimu. Halafu nakimbia kuja shule."

Nimesimamia mitihani mingi, nimekaa katika vikao vingi vya watu wazima wenye vyeo, na sijawahi tena kuona mtu akipewa jambo zito namna ile kulitafsiri na kulijibu kwa sauti isiyotetemeka. Alikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Tulikula ming'oko na chumvi. Kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa jiografia, Ruvuma inaanzia wapi. Nikamwambia inaanzia kwenye milima karibu na kwetu Songea, kijito unachoweza kukiruka. Alifikiri sana. "Kwa hiyo maji yanayopita kule Mahurunga yametoka kwenu," alisema, na akamtafsiria bibi yake habari hiyo kwa furaha kubwa. Hiyo aliitafsiri yote.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira ya mtu wa miaka ishirini na mitatu hutafuta mtu mmoja wa kumwangukia. Mimi nilimchagua Mzee Issa. Jioni hiyo nilimwambia Bi. Somoe kwamba nitakwenda wilayani kumshtaki. Hakujibu. Lakini majirani walipokuja barazani, nikiwa nimeshajilaza, nilimsikia akizungumza nao.

"Mwalimu anataka kumshtaki Issa," alisema.

"Akimshtaki, mashine itakaa ndani," mwanamke mmoja akajibu. "Halafu tule nini?"

"Najua. Ndiyo maana sikumjibu." Nikasikia akipasua nazi. "Rukia wangu naye anabeba. Juzi usiku nimemfuta macho kwa maji hadi akalala. Nikimtoa mimi peke yangu, shamba langu linarukwa. Ukimtoa wewe peke yako, linarukwa lako. Sasa tukiwatoa wote siku moja? Atapulizia akiwa na nani? Mikono yake ni miwili, na yote iko kwenye mashine."

Mwingine akauliza, "Na mizigo?"

"Mizigo tutabeba sisi," alisema Bi. Somoe. "Kwani sisi hatuna vichwa?"

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimepanga kuokoa watoto kwa barua na ofisi, na kumbe wokovu wenyewe ulikuwa unapangwa upande wa pili wa ukuta na wanawake waliokuwa wanakuna nazi.

Mkutano ulifanyika darasani kwangu, wazee wakiwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Mwenyekiti wa kijiji alifungua, akasema yeye hana upande. Bi. Somoe akasimama na kueleza: watoto wasibebe tena. Kila shamba litakuwa na watu wazima wawili wa kubeba, kwa zamu, na mwenye shamba atabeba la mwenzake kama mwenzake atakavyobeba lake. Wasiojiweza, kama Bibi Atija, watabebewa.

Mzee Issa alikuwa amekaa nyuma, karibu na dirisha. Hakuwa mzee bado siku hizo, ila watu walishamwita hivyo kwa sababu ya mvi zake za mapema. Macho yake yalikuwa yameharibika pembeni kwa miaka ya unga. Alisimama taratibu.

"Mimi nimebeba tangu sijabadilisha meno," alisema. "Hakuna aliyeitisha mkutano. Baba alinipeleka kwa mtu nikavunja mgongo kule, na ndiyo nimepata hiyo mashine mnayoihitaji. Sikumchukua mtoto wa mtu. Mmeniletea wenyewe, mkinibembeleza."

"Ni kweli," Bi. Somoe alisema. "Tumekuletea. Ndiyo maana leo tumekuja wote kuwachukua."

Wanaume wawili watatu wakaguna. Mmoja akasema mwalimu amekuja juzi na tayari anataka kupindua kijiji. Mzee Issa akamkatisha kwa mkono. Akawa ananitazama mimi, si kwa chuki.

"Yule wa Atija," alisema, "anakohoa. Nilikuwa namwambia akae nyuma ya upepo. Lakini upepo hauambiwi." Akakaa. Baadaye, mkutano ukiwa unaelekea kuvunjika kwa mabishano, akasema kutoka huko huko alikokaa, "Mnaokuja kubeba, mje mapema. Mimi simsubiri mtu jua likitoka." Hivyo ndivyo alivyokubali.

Zamu ya kwanza nilikwenda na mimi. Nilivaa suruali ndani ya khanga, nikajifunga kitambaa puani, na kabla hatujamaliza safu ya tatu nilikuwa natapika pembeni. Unga ulipenya kila mahali, ulichoma makwapa na shingo, na machozi yalitoka yenyewe bila huzuni. Wanawake walinicheka kwa upole na kunipa maji. Nilipofika shule, nimechelewa mimi mwalimu, watoto walikuwa wamekaa darasani, safi, wamenyoosha mikono juu ya madawati. Wakaniangalia nilivyo wa njano kuanzia nywele hadi viatu. Ancha ndiye aliyeanza kucheka, darasa zima likafuata, na mimi pia nikacheka hadi nikakaa chini. Katika maisha yangu ya ualimu sina asubuhi ninayoipenda kuliko hiyo.

Kwa wiki kadhaa mambo yakaenda. Waliokuwa wamepinga walianza kuja, kwanza kwa kuona aibu mbele ya wake zao, halafu kwa mazoea. Shehe alilitaja jambo hilo msikitini. Mwalimu mkuu hakuwa na wa kumpiga getini tena. Ancha akaanza kupumua kama watoto wengine, na kwa kuwa pumzi ilirudi, maneno nayo yakarudi. Alikuwa msemaji kumbe. Alikuja jioni kwa Bi. Somoe kusoma na Rukia, akikaa karibu na moto wa kupikia hadi afukuzwe kwa sababu ya moshi, na alisoma kwa sauti kubwa kitabu chochote, hata maandishi ya kwenye mifuko ya salfa. Bi. Somoe, ambaye alitolewa shule akiwa darasa la pili ili akapalilie, alisimama na mwiko mkononi akimsikiliza. Siku moja alisema, bila kumwambia mtu hasa, "Mtoto wa Atija atakuja kuwa mtu." Mboga ikaungua tukala hivyo hivyo.

Nikiandika haya nasita, kama mtu anayeshuka ngazi na kujua kuna kipandio kilichovunjika mbele. Ningependa kukaa hapo barazani zaidi. Lakini yaliyotokea yalitokea.

Mzee mmoja wa Mahurunga, aliyekuwa ndugu wa nusu ya kijiji chetu, alifariki. Wanawake wakaondoka kwenda msibani, Bi. Somoe akiwa mbele, na wanaume wengi wakawafuata kuzika. Kesho yake ilikuwa zamu ya shamba la Bibi Atija, upulizaji wa mwisho. Kabla ya kuondoka Bi. Somoe alipita kwa Mzee Issa akamwomba asubiri hadi watakaporudi, naye akakubali. Lakini alfajiri ukungu ulishuka mzito, na mtu wa mikorosho akiona ukungu juu ya maua anajua ubwiriunga unakuja nyuma yake. Mzee Issa aliamka akautazama. Aliona kwamba akisubiri, mikorosho ya yule bibi itaungua yote. Akaamua kwenda peke yake, apulizie na kubeba mwenyewe, akijaza, akizima, akiwasha, ili mradi shamba la mwanamke asiye na mtu lisipotee. Aliamua hivyo kwa wema. Nimelizungusha kichwani miaka yote hii, na sioni mahali pengine pa kuliweka.

Ancha alisikia mashine ikinguruma nyuma ya nyumba. Alitoka. Mzee Issa alituambia baadaye, kwa sauti ambayo ilikuwa imekufa, kwamba alimwambia rudi ndani, na mtoto akamjibu, "Bibi amesema nikushikie matawi tu. Sibebi." Bibi hakuwa amesema lolote. Bibi alikuwa amelala. Basi akamwacha ashike matawi, na ukungu ule ule uliokuwa umeshika umande uliushika na unga, ukauweka chini, hapo hapo alipokuwa amesimama mtoto.

Nilikuwa uwanjani nakagua usafi nilipomwona Mzee Issa akipita barabarani mbio, hana viatu, wote wawili njano, amembeba Ancha mikononi kama mtu anayebeba nguo zilizolowa. Niliacha watoto nikakimbia. Zahanati haikuwa karibu, na baiskeli yake ilikuwa imemshinda njiani kwa sababu Ancha hakuweza kukaa. Tulipokezana. Alikuwa mwepesi. Mganga alikuwepo, alifanya kila alichojua kufanya kwa vifaa alivyokuwa navyo, akatuma mtu kutafuta gari la kumpeleka mjini. Tukakaa naye kwenye kitanda cha zahanati, mimi nimemwegemeza kifuani kwangu ili apate hewa, Mzee Issa amesimama mlangoni, hathubutu kuingia. Watu huniuliza alisema nini. Hakusema kitu. Hakuwa na pumzi ya kusema. Alikuwa ameshika ncha ya khanga yangu na kuivuta kidogo kila alipojaribu kupumua, na mimi nilikuwa naifuata kwa macho, nikihesabu, hadi mkono ukaacha kuvuta. Gari lilifika tukiwa tumeshamfunika.

Wanawake walirudi kutoka Mahurunga na nguo za msiba mmoja, wakaingia katika mwingine bila kubadilisha. Bibi Atija alikaa chini katikati ya chumba, ameegemea ukuta, na hakulia. Alizungumza Kimakua mfululizo, taratibu, na hapakuwa na mtu wa kututafsiria. Nilikaa naye nikisikia jina la Ancha likipita ndani ya maneno yale, likirudi, likipita tena. Sijui hadi leo alikuwa anasimulia nini.

Baada ya arobaini kijiji kilitaka kuvunjika. Wapo waliosema makubaliano hayana maana, angalau zamani watoto walibeba na hakufa mtu. Wapo waliowalaumu wanawake kwa kwenda msibani. Wapo waliotaka Mzee Issa ahame. Bi. Somoe aliacha kuzungumza. Alipika, akatugawia, akakaa na sahani yake mbele hadi ugali ukakauka. Nikamsikia usiku akimwambia Rukia, "Ningekuwepo." Neno hilo tu.

Mchana mmoja tukiwa barazani tunachambua mbaazi, Mzee Issa aliingia uani amebeba mashine mgongoni. Aliitua chini mbele ya Bi. Somoe. Alikuwa amekonda hadi shati lilimning'inia.

"Iko kwenu," alisema. "Mimi sitaki iwe yangu tena."

"Mashine si tatizo, Issa," Bi. Somoe alisema bila kuinua uso.

"Najua. Tatizo nilikwenda peke yangu." Alikaa kwenye ngazi ya baraza, chini yetu. "Nilimwona bibi hana mtu nikadhani nitafanya mimi. Hii kazi si ya kufanya peke yako, hata kwa nia njema. Mtu akikosekana, mashine isiwake. Mtu yeyote akikosekana, isiwake hata kama mikorosho itaungua. Nataka hilo liwe sharti, na nataka muniweke mimi kwenye zamu ya kubeba. Si kupulizia. Kubeba."

Bi. Somoe aliendelea kuchambua mbaazi kwa muda mrefu. Kisha akasogeza ungo wake pembeni, akaingia ndani, akatoka na sahani ya chakula, akampa. Alikula akilia, na sisi tukageuza nyuso zetu upande wa barabara ili amalize.

Tulimsindikiza Bibi Atija hadi Mahurunga mwisho wa mwaka. Ndugu zake wa upande wa pili walikuja kumchukua. Msimu ule mikorosho yake ilizaa kuliko yote kijijini, na hakuruhusu mtu aokote korosho hata moja. Zilianguka zikaoza na mabibo yake. Ukingoni mwa mto, akiwa ameshaingia kwenye mtumbwi, alinishika mkono akasema kwa Kiswahili, kila neno mahali pake, "Yeye alitaka shule." Ndipo wakavuka. Nilisimama hadi sikuwaona, nikijua kwamba maji yale yamepita karibu na kwetu, na sikupata faraja yoyote katika hilo.

Sharti la Mzee Issa lilishika. Nilifundisha pale miaka mingi baadaye, nikaona vijiji jirani vikija kuuliza tunafanyaje, nikaona mashine zikiongezeka. Nimewahi kualikwa kueleza jambo hilo katika semina, na watu wakapiga makofi. Kila mara nilieleza zamu, na mkutano, na watu wawili kwa kila shamba. Jina la Ancha sikuweza kulitaja mbele ya makofi. Wanaosema kwamba kifo chake ndicho kilichowaamsha watu hunikera hadi leo. Watu walikuwa wameshaamka. Walikuwa wamekwenda kuzika.

Tulimzika Mzee Issa mchana ule, watu wengi kuliko nilivyotarajia, na wengi wao wana vichwa vilivyowahi kuwa vya njano. Nililala kwa Bi. Somoe. Alfajiri alinigusa bega. Alisema kuna familia imehamia pembeni ya kijiji, vijana wawili, mtu na mkewe, na watoto wao, na wiki iliyopita binti yao mkubwa hakuonekana shule. Mzee Issa ndiye aliyekuwa amepangwa kuwabebea leo.

"Basi twende," nilisema.

"Magoti yako?"

"Yatakuja nyuma."

Tuliwakuta wakijiandaa, mama wa nyumba amebeba mtoto mgongoni, na binti yule amesimama kando ya mfuko wa salfa, amevaa sketi ya shule. Bi. Somoe aliwasalimia, akawapa habari za msiba, akauliza za watoto. Kisha akainama akauchukua mfuko, nami nikashika upande mwingine. "Huyu aende shule," alisema. "Tumekuja kubeba." Mama yule alitutazama, vikongwe wawili wenye nguo za msiba, akaanza kukataa, halafu akaacha. Binti akaenda.

Mashine ikawaka. Tulijaza, tukasogea mti wa pili, tukajaza tena. Wingu likapanda na kushuka juu ya vichwa vyetu, na katikati ya safu nilishindwa kuendelea. Nilikaa chini kwenye majani nikalia kwa sauti, mimi mtu mzima, mwalimu mstaafu, mbele ya watu nisiowajua. Kijana akazima mashine, akauliza kama aniletee maji, kama ni unga umeniingia machoni.

"Mwacheni kidogo," Bi. Somoe aliwaambia. "Ana mtu wake anayemlilia."